Kabla Hujamwambia Mtu

"Dada, nna jambo langu nataka kukwambia, lakini usimwambie mama."

Ujumbe umetoka Chake Chake saa nne usiku, unakwenda Unguja. Alama mbili zimegeuka buluu. Juu ya skrini inaonekana dada anaandika. Kisha haandiki tena.

Watu wengi wa visiwani wanaopenda wa jinsia yao wanaijua dakika hiyo. Baadhi wameipitia, na wengine wamekaa miaka wakiikwepa.

Kwa wiki kadhaa jambo hili halinitoki, hasa kwa sababu ya ushauri ninaouona ukizunguka kwenye simu za vijana. Video fupi, maneno mazuri, muziki wa taratibu: sema ukweli wako, utakuwa huru. Nyumbani kuna ushauri wa pili, na huo hauhitaji video: nyamaza, oa, litapita. Vijana wanavutwa huku na huku, na pande zote mbili hakuna anayeuliza masuala mawili ya mwanzo kabisa. Huyo dada ni mtu wa namna gani na siri za watu? Na usiku huu, kijana analala nyumba ya nani?

Kinachochosha ni kipi hasa

Tunadhani siri huumiza pale mtu anapoificha: anapobadilisha jina la mpenzi kwenye simu, anapocheka utani wa barazani usiomchekesha, anapojibu "Inshallah" akiulizwa harusi lini. Mwaka 2017 Michael Slepian na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu siri za kila aina. Waligundua kwamba nafasi za kuficha kitu mbele ya watu si nyingi kama tunavyodhani. Kinachojirudia ni mtu kuikuta akili yake imerudi kwenye siri akiwa peke yake, na huko ndiko utulivu wa nafsi unakodhoofika. Tafiti zake za baadaye zinaonyesha kwamba kumwamini mtu hata mmoja humsaidia mwenye siri kuhisi anaweza kuibeba, na akili hupunguza kuizungukia.

Mmoja.

Hakusema ukoo mzima, wala mtaa mzima.

Utafiti mwingine ninaoushika sana ni wa Nicole Legate na wenzake, wa mwaka 2012. Waliuliza watu wa aina hii wamejiweka wazi kwa nani: familia, marafiki, kazini, wenye imani moja nao. Waliojieleza kwa watu wanaowapa nafasi ya kuwa walivyo walikuwa na sonona kidogo, hasira kidogo, na walijithamini zaidi. Lakini mbele ya watu wanaombana mtu na kumtaka awe vile wanavyotaka wao, kusema hakukuleta faida hiyo. Neno lilikuwa lile lile, ila masikio yaliyolipokea yalikuwa mengine.

Halafu kuna John Pachankis na Richard Bränström, waliolinganisha nchi 28 za Ulaya mwaka 2018. Palipo na sheria na mitazamo mikali, watu wa aina hii huridhika kidogo na maisha yao, na sehemu ya sababu ni kule kujificha. Hata hivyo, katika nchi hizo hizo kujificha kuliwakinga kwa kiasi na ubaguzi na kushambuliwa. Kwa hiyo kujificha kunamla mtu huku kunamlinda. Anayekwambia useme tu, ameona upande mmoja. Anayekwambia unyamaze milele, naye kaona mmoja.

Tafiti hizi ni za Ulaya na Marekani. Hakuna kati yake iliyofanyika kwenye nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, bibi yumo, shangazi yumo, na ukuta haufiki darini. Kwetu faragha yenyewe ni kitu cha kutafutwa, na hilo linabadilisha hesabu nzima.

Sheria imekaa wapi

Chini ya Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2018, kitendo cha wanaume wawili kinaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 14. Kwa wanawake ni hadi miaka 5. Kinachoadhibiwa ni kitendo. Kumwambia dada yako unampenda nani si kosa lenyewe, lakini maneno yako yakimfikia mtu anayekutafutia ubaya, yanaweza kuwa mwanzo wa tuhuma.

Tuhuma huanzaje? Septemba 2017 watu 20, wanawake 12 na wanaume 8, walikamatwa Unguja kwenye hoteli walikokuwa wakipata mafunzo ya kujikinga na virusi vya Ukimwi. Novemba 2018 wanaume 10 walikamatwa Pongwe baada ya raia kupiga simu polisi wakidai kuna harusi. Mara zote mbili ilikuwa mkusanyiko. Mara ya pili ilikuwa mkusanyiko na mdomo wa mtu. Ndiyo maana namsisitiza kila anayepanga kusema: jieleze wewe tu, usitaje rafiki zako, usimwonyeshe mtu picha za sherehe yoyote. Siri yako unaweza kuitoa. Ya mwenzako hukupewa uitoe.

Na wapo wanaodhani wakigombana na nyumbani watapanda boti kwenda Dar es Salaam, mji mkubwa, hakuna anayemjua. Sheria ya Bara ni nzito kuliko ya kwetu: kuanzia miaka 30 hadi maisha. Mji mkubwa unampa mtu upweke wa kujificha ndani yake. Kinga ya kisheria haumpi.

Mtu wa kwanza

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vijana hupima mtu kwa kumtegea. Inapita habari ya mashoga kwenye simu, kijana anasema, "Wewe unaonaje hawa?" Jibu analolipata halimsaidii kitu. Mbele ya wengine karibu kila mtu atasema astaghfirullah, hata yule ambaye kesho angekukumbatia. Na yupo atakayesema "kila mtu na maisha yake", kisha siri yako akaitembeza mitaa mitatu kabla ya alasiri.

Tazama siri za watu anazishika vipi. Jirani alipoachwa, alisema nini? Binti wa ami yake alipopata mimba kabla ya ndoa, alikuwa wa kunong'ona au wa kubeba chakula kupeleka? Ukimwambia jambo dogo, mathalani kwamba umefeli somo au una deni, linarudi kwako kwa mdomo wa mtu mwingine? Mpe jambo dogo la kweli, subiri mwezi, usikilize. Mwenye kustiri hustiri kila kitu, si yale anayoyapenda tu.

La pili: mtu wa kwanza asiwe anayekulisha. Akikasirika anayelipa ada yako au mwenye nyumba unayolala, hasira yake ina nguvu juu ya mwili wako siku ile ile. Akikasirika binamu aliyeko Mkoani, unabaki na chumba chako na chakula chako.

La tatu ni gumu kulisema. Mama, mara nyingi, asiwe wa kwanza. Si kwa kuwa hapendi. Mama wengi visiwani hulipokea jambo hili kama hukumu juu ya malezi yao, na mtu anayejiuliza "nilikosea wapi" hawezi kukushika wakati naye anaanguka. Anahitaji mtu wa kumshika yeye. Ukiwa tayari umemwambia dada au mama mdogo mwenye busara, siku mama atakapojua patakuwa na mtu wa kukaa naye.

Vitu vya kuweka sawa mapema

Anza na makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vyeti vya skuli, kadi ya kliniki kama una dawa unazotumia. Anayefukuzwa usiku huondoka na nguo alizovaa, na kwenda kuviomba vyeti kwa baba aliyekasirika ni mlango mwingine wa kudhalilika. Vipige picha, uzihifadhi kwenye barua pepe yenye nywila mpya. Ukiweza, vyenyewe viweke kwa mtu mwingine kwa kisingizio cha kutafuta kazi.

Kisha pesa na pa kulala. Nauli ya boti pekee haitoshi. Hesabu nauli, chakula cha wiki, na kijisehemu cha dharura. Na pa kulala pawe kwa mtu aliyekubali kwa mdomo wake, hata kama sababu uliyompa ni nyingine. "Atanikubali tu" imewalaza watu kwenye mabenchi ya bandarini.

Simu ndiyo inayowaumbua wengi. Funga kwa namba badala ya alama ya kidole, maana kidole kinaweza kubanwa kwenye kioo umelala. Zima ujumbe usionekane juu ya skrini iliyofungwa. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kompyuta ya ofisini au ya kaka bado inasoma mazungumzo yako. Tazama pia kama picha zako zinaruka moja kwa moja kwenda kwenye akaunti ya familia.

Na laini. Laini zetu husajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha mtu. Kama yako ilisajiliwa kwa jina la baba, yeye anaweza kwenda dukani akatoa laini nyingine ya namba hiyo hiyo, kisha akaifungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Kinachomzuia asiingie papo hapo ni uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita unayoiweka mwenyewe ndani ya WhatsApp. Iweke leo, hata kama huna mpango wa kumwambia mtu yeyote.

Siku yenyewe

Sema kwa mdomo, ana kwa ana. Ujumbe ulioandikwa unaweza kusomwa na watu ambao hukuwahi kuwaambia, na ujumbe unaojifuta haufuti picha iliyopigwa kwa simu nyingine. Sauti iliyorekodiwa ni mbaya zaidi, kwani huwezi hata kudai si wewe.

Chagua mahali pa kutembea. Ufukweni jioni, njia ya shamba, popote ambapo mnaangalia mbele na si usoni. Nyumbani hapafai, hata pakiwa kimya, kwa sababu nyumba zetu zina masikio. Usichague mkesha wa Iddi, wala msiba, wala wiki ambayo watu wamekuja na posa. Ninaelewa kwamba posa ndiyo inayowasukuma wengi kusema. Lakini posa unaweza kuikataa kwa sababu nyingine ukapata miezi kadhaa, na jambo hili ukalisema siku ambayo hakuna wageni wanaosubiri jibu ukumbini.

Maneno yawe machache. Unachokihisi, tangu lini, na kwa nini umemchagua yeye. Kisha ombi lililo wazi: "Nataka unisikilize tu. Usimwambie mtu bila ya kuniuliza. Na usinipeleke popote." Hilo la mwisho lina maana yake kwetu. Mtu akishtuka, hata kwa mapenzi, wazo la kwanza ni kukupeleka kusomewa, kunyweshwa kombe, au kwa mganga akutoe shetani. Mwombe mapema asifanye hivyo.

Usimdai jibu siku ile. Umeishi na jambo hili miaka, yeye amelisikia dakika tano zilizopita.

Baadaye hutokea kitu kinachowashangaza wengi. Kwanza mwili unakuwa mwepesi, mtu analala vizuri. Halafu, baada ya siku chache, inakuja hofu: nimefanya nini, ataniangaliaje, mbona leo hakunisalimu kama kawaida. Hofu hiyo ni ya kawaida na haimaanishi ulikosea kusema. Hatari yake ni kwamba inamsukuma mtu aende kumwambia wa pili na wa tatu haraka haraka ili apate faraja. Subiri. Mwache wa kwanza azoee.

Wakijua bila wewe kusema

Wapo wanaotishwa. Mtu mliyekutana mtandaoni anasema lete pesa au naipeleka picha kwa kaka yako. Ukilipa, umemwonyesha kwamba unaweza kulipa, na atarudi. Hifadhi ujumbe wote, hifadhi na ujumbe wa miamala ya simu wenye jina lake, kisha mfungie. Usiende kukutana naye "mmalizane". Kama kuna mtu wa familia anayeweza kustahimili, mwambie wewe kabla hajaambiwa na huyo, maana tishio hupoteza nguvu likishafika lilikokuwa linapelekwa. Kabla ya kwenda kituoni kulalamika, zungumza na wakili, kwa sababu mlalamikaji hapa anaweza kugeuzwa mtuhumiwa.

Ukikamatwa, huna wajibu wa kujieleza unampenda nani. Omba wakili. Na kile kipimo cha kulazimishwa cha sehemu ya nyuma hakithibitishi chochote. Oktoba 2017 Chama cha Madaktari Duniani kililaani vipimo hivyo na kuwataka madaktari wasivifanye.

Hospitali ni habari nyingine. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanyika Unguja ulikuta asilimia 12.3 ya wanaume waliolala na wanaume wana virusi vya Ukimwi, wakati kwa watu wazima kwa jumla kiwango hakifiki asilimia 1. Kwa hiyo kumficha kabisa daktari kuna gharama. Lakini huhitaji kujipa jina lolote mbele yake. Sema sehemu gani inauma, sehemu gani inahitaji kupimwa, na tangu lini. Akiuliza na nani, unaweza kusema hutaki kujibu hilo.

Wewe unayeambiwa

Nakuandikia wewe dada, kaka, mama, uliyekaa na simu mkononi hujui uandike nini.

Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya maradhi mwaka 1990. Hakuna dawa ya kulitibu kwa sababu si ugonjwa, na kombe halitaligeuza. Kumwozesha haraka ndiko kunakoniuma kuliko yote, kwani mnamchukua binti wa watu, asiyejua lolote, mkamfanya yeye ndiye tiba. Atakaa miaka akijiuliza ana kasoro gani.

Caitlin Ryan na wenzake, Marekani, walichapisha mwaka 2009 utafiti wa vijana wa aina hii wa miaka 21 hadi 25. Uwezekano wa waliokataliwa sana na familia zao kuwa wamewahi kujaribu kujiua ulikuwa zaidi ya mara 8 ya ule wa wenzao wasiokataliwa, au waliokataliwa kidogo. Ryan hakuzitaka familia zibadili dini. Kazi yake na familia zenye imani kali inawaonyesha kwamba vitendo vidogo vina uzito: kutomtukana, kutomtoa mezani, kumtetea jamaa wakimdhihaki.

Nasi tuna cha kutushika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Unaweza kubaki na msimamo wako wote wa dini kuhusu kitendo, na masheikhe wengi hutenganisha hisia na kitendo, lakini hakuna aya inayokuamrisha umpigie shangazi simu.

Jibu la usiku ule si lazima liwe refu. "Nimekusoma. Niko hapa. Sitamwambia mtu. Tutazungumza nikija." Ukiacha alama mbili za buluu na kimya, mwenzako ataujaza kimya hicho kwa mabaya yote aliyowahi kuyasikia.

Ukihisi anakaribia kujidhuru

Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, muulize kwa njia gani na kama amejiandaa. Ondoa vidonge na sumu ya panya ndani ya nyumba, kaa naye, usimwache alale peke yake, na asubuhi mpeleke hospitali. Kidongo Chekundu wanatibu akili Unguja. Kwa Pemba, anzia hospitali ya wilaya iliyo karibu.

Anayeogopa kwenda kwa sababu ataulizwa chanzo, ajue kwamba matibabu ya sonona hayaanzi na chanzo. Yanaanza na dalili. Anaweza kusema: "Wiki tatu sasa silali, chakula hakipiti, na nawaza kufa kila siku." Sentensi hiyo inatosha kumfungulia daktari kazi yake. Ya kwa nini, atayasema siku nyingine, kwa daktari huyo au kwa mwingine, au asiyaseme kabisa.